Mapigo ya Umeme na Shafti Arobaini za Hasamba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, bajaji ya mizigo kutoka Hasamba ilisimama mbele ya karakana yetu ya Tunduma, akashuka Mama Yoramu na shafti moja mkononi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kahawa, mama wa kwaya, mtu ambaye hata akija kulalamika hupitia kwanza habari za watoto na za mvua. Siku hiyo hakusalimia. Aliilaza ile shafti juu ya daftari langu lililokuwa wazi, na alipoinyanyua iliacha mstari wa kutu kwenye ukurasa.

"Ziko nyingine thelathini na tisa," alisema. "Zote zimevaa nguo hii hii."

Zilikuwa shafti za mashine za mkono za kumenya kahawa. Msimu uliotangulia tulizichovya kwenye zinki na kuwaahidi wakulima kwamba zingekaa miaka mitano. Maji ya buni mbivu ni machachu. Yalikula zinki yetu msimu mmoja tu, yakahamia kwenye chuma chenyewe, na kahawa iliyoguswa na kutu ikashushwa daraja.

Mzee Sikazwe, mwenye karakana, alitoka nyuma akijifuta mikono. "Mama, karibu kiti kwanza."

"Viti ninavyo nyumbani, Mzee. Nisichokuwa nacho ni shafti isiyo na kutu."

"Kahawa itaanza kuiva lini?"

"Wiki saba."

Mzee aliichukua ile shafti, akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akanusa ukucha. "Kabla ya wiki saba utazipata zote arobaini," alisema. "Zikishika kutu tena, nitakununulia mpya, za chuma kisichoshika kutu kabisa, kwa pesa yangu."

"Pesa ipi? Nasikia hapa mnadaiwa hata kodi."

"Nitauza karakana."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Mama Yoramu alimtazama, akanitazama mimi, kisha ndipo akaketi na kuuliza habari za nyumbani.

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kuchovya vyuma kwenye dawa na kuvivisha zinki kwa umeme mnaniuliza mara nyingi jinsi mtu wa darasa la saba alivyoingia kwenye hesabu za umeme wa mapigo. Jibu ni hilo neno la Mzee Sikazwe. Nilikabidhi funguo mwaka jana, mapafu yangu yamechoshwa na mvuke wa dawa, na sasa nina muda wa kueleza.

Nianze na Mzee mwenyewe, ili msije mkadhani kwamba kabla ya hesabu palikuwa na ujinga. Alikuwa Mnamwanga mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na kazi alijifunza Nakonde, upande wa Zambia, kwa fundi aliyekuwa akichovya bampa za magari. Hakujua ampea ni nini kwa maana ya kitabu. Alijua kwamba tangi lenye nguvu sahihi hutoa mapovu madogo kama ya soda iliyokaa wazi, na lenye nguvu kupita kiasi huchemka kama sufuria ya maharage. Alijua kwa kunusa kama dawa imechoka. Siku yangu ya kwanza alinipa kitu kimoja tu cha kujifunza: kuosha chuma.

"Mwagia maji," aliniambia. "Umeona nini?"

"Maji, Mzee."

"Yanakaaje?"

Yalikuwa yamejikusanya matone matone. Akanirudisha kwenye magadi na brashi. Nilirudi mara sita. Mara ya saba maji yalitandaa juu ya chuma chote kama kitambaa, bila kukatika mahali. "Sasa hapo hakuna mafuta," alisema. "Maji yakikatika, na kazi yako itakatika palepale." Mpaka leo sijaona kipimo cha bei rahisi kuliko hicho, wala cha kweli zaidi. Mashine mtanunua, lakini hilo lisahauni mkitaka hasara.

Zinki peke yake ilikuwa imeshindwa. Nilikuwa nimesoma, katika vitabu chakavu nilivyonunua kwa kilo sokoni pamoja na karatasi za kufungia vitumbua, kwamba zinki ikichanganywa na nikeli kwenye tangi moja, zikatua pamoja juu ya chuma, hiyo aloi hustahimili uchachu mara nyingi zaidi. Lakini ina masharti. Nikeli iwe kati ya sehemu kumi na mbili na kumi na tano katika kila mia. Ikipungua, umerudi kwenye zinki ya kawaida. Ikizidi sana, gamba huwa gumu na kupasuka, na haliulindi tena mwili wa chuma. Unene nao una sharti lake: kama robo ya unywele. Pungufu ya hapo kutu hupita, zaidi ya hapo beringi haiingii kwenye shafti.

Kwa umeme wa kawaida, unaotiririka bila kukoma, tulipata nikeli ya kubahatisha. Ncha za shafti ziliungua na kuwa nyeusi, katikati pakang'aa. Hapo ndipo niliposema habari ya mapigo: umeme uwashwe kwa elfu chache za sekunde, yaani sekunde moja ikigawanywa mara elfu, uzimwe kwa elfu nyingine, uwashwe tena, saa nzima. Nilikuwa na swichi za kielektroniki nilizong'oa kwenye inveta mbovu za sola, maana Tunduma inveta mbovu hazikosekani, na nilikuwa nimekwisha kuziunganisha na saketi ndogo ya kuzihesabia muda. Kifaa kilikuwa tayari. Nilichokosa ni kujua kiwashe kwa muda gani na kizime kwa muda gani. Mchanganyiko wa namba hizo ni mwingi mno kuujaribu wote kwa wiki saba.

Mwalimu Atuganile alikuja karakana kwa jambo jingine kabisa. Alikuwa mtu wa Isongole, anafundisha hesabu sekondari huku Mbozi, na alileta kengele ya shule ing'arishwe. Alipokuwa akisubiri alisoma daftari langu bila kuomba ruhusa, kama walimu wafanyavyo.

"Fundi, hapa umejumlisha gramu na dakika," alisema. "Watazaa nini?"

Niliona aibu, nikajitetea kwamba ilikuwa rasimu. Akavuta kigoda, akachukua kalamu yangu, akauliza kile ninachotaka kujua. Nikamweleza. Akatazama nje, ambako malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani kama kawaida.

"Yale pale," alisema. "Ndiyo tangi lako."

Aliyachora. Dawa ni barabara ndefu iliyojaa malori, mengine ya zinki, mengine ya nikeli. Uso wa chuma ni geti. Kati ya barabara na geti pana uwanja mwembamba wa kusubiria. Umeme ukiwaka, geti limefunguliwa, malori yanaingia haraka kuliko barabara inavyoweza kuleta mengine, uwanja unaisha. Umeme ukizimwa, geti limefungwa, uwanja unajaa tena. Geti likiachwa wazi muda wote, uwanja ni mtupu muda wote, na lori lolote linalofika linaingia kwa vurugu. Huko ndiko kuungua kwa ncha zetu. Malori ya nikeli ni machache, hivyo namba zake uwanjani hubadilika tofauti na za zinki, na tena zinki, ambayo kwa vitabu ingepaswa kusubiri, ina tabia ya kupita mbele. Urefu wa kufungua na kufunga geti ndio unaoamua nani ameingia kwa kiasi gani.

"Sasa hili unaliandika kwa mlinganyo," alisema. "Kilichopo uwanjani sasa, ongeza kilicholetwa na barabara, toa kilichoingia getini. Kila elfu ya sekunde unarudia."

"Kila elfu ya sekunde, Mwalimu? Hiyo ni hesabu ya mwaka mzima."

"Una simu?"

"Ninayo."

"Basi una kompyuta. Acha kuitumia kwa mpira tu."

Kwa Jumapili tatu, baada ya ibada, alinifundisha kujaza jedwali la hesabu ambalo linajirudia lenyewe. Hakutoza hata shilingi. Nilipouliza kwa nini, alisema wanafunzi wake humuuliza kila siku hesabu hizi ni za kazi gani, na yeye anataka siku moja awe na jibu ambalo si daraja wala roketi. Nimefanya kazi na mafundi wengi wenye mikono mizuri. Sijawahi kuona mtu mwenye akili iliyonyooka kama yule mama. Alikuwa halazimishi kitu. Akikwama alisema "hapa sijui," akapiga mstari chini yake, akaendelea kwingine.

Mlinganyo ulikuwa na namba tatu ambazo hatukuzijua, na hizo hutolewa na tangi lenyewe, siyo na kichwa. Kwa hiyo nilifanya majaribio ishirini na matatu. Jaribio moja kwa siku, kipande cha bati la chuma cha ukubwa wa kiganja, saa mbili kamili ndani ya tangi. Napima uzito kabla, napima baada. Kila nikipata vipande kadhaa, napanda gari hadi Mkwajuni kwa dalali wa dhahabu mwenye mashine ya miale ya kupimia usafi wa madini, maana mashine ile hutaja na nikeli na zinki.

Mara ya kwanza alikigeuza kipande changu mara mbili. "Fundi, hii si dhahabu."

"Najua."

"Sasa unanipa bati nipime la nini? Wachimbaji wako kwenye foleni, wakikuona watasema mashine yangu imeshuka hadhi."

"Nisomee nikeli tu."

"Kumi na tatu. Soda moja kila kipande, na usije na bati la choo."

Namba za nikeli zilikubaliana na mlinganyo kwa namna iliyonifanya nisilale kwa furaha. Mlinganyo ulisema kumi na tatu, mashine ikasema kumi na tatu. Mlinganyo ulisema tisa, ikasema tisa na kidogo. Lakini uzito ulikataa. Vipande kumi na sita viliongezeka kama hesabu ilivyotaka, gramu moja pointi tatu hivi kwa saa mbili. Saba havikutaka. Vitano vilizidi, viwili vilipungua.

Sasa nitawaambia nilichofanya, na nakiandika kwa sababu hata ninyi mtakifanya. Vile viwili vilivyopungua nilivifuta. Nilijiambia kwamba labda waya ulilegea. Vile vitano vilivyozidi nilivitazama nikaona vyote ni vya mapumziko marefu, umeme umezimwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikafurahi. Nilidhani nimegundua kitu: mapumziko marefu yanafanya tangi lizae zaidi, mara moja na nusu, kwa umeme uleule wa wastani. Nikaongeza namba ya nne kwenye mlinganyo ili mstari upite juu ya vile vitano, na ukapita vizuri sana. Kisha nikachagua mapumziko marefu kwa ajili ya shafti za Hasamba, nikagawanya saa mbili kwa moja na nusu, nikapata saa moja na dakika ishirini.

Nilimpelekea Mzee Sikazwe. Wiki saba zilikuwa zimebaki moja na nusu. Shafti zote arobaini zilikuwa zimekwanguliwa kutu, zimeoshwa, zimefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Tungeanza Jumatatu, nne nne, na hapakuwa na muda wa kurudia.

"Saa moja na dakika ishirini," alisema Mzee. "Una hakika?"

"Hesabu imekubali, Mzee."

"Mimi sijui hesabu, mwanangu. Nakujua wewe. Basi."

Neno hilo liliniingia vizuri siku ile. Baadaye lilinitisha.

Jumamosi mchana Mwalimu Atuganile alipita kuchukua kengele yake. Nilimwonyesha grafu kwa majivuno. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye namba ya nne.

"Hii imetoka wapi?"

"Nimeiongeza. Bila hiyo uzito haukubali."

"Kwa hiyo tangi halikukubaliana na wewe, ukabadilisha maneno yake."

"Mwalimu, ona mstari unavyopita."

"Hata mimi nikikuongezea namba za kutosha, mstari utapita juu ya nyumba ya jirani." Akarudi nyuma kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa. "Na hivi viwili umevifuta kwa kosa gani?"

"Vilipungua."

"Vilipungua kiasi gani?"

Nikasoma. Kimoja sifuri pointi sita nne, kingine sifuri pointi sita sita. Akaniambia nisome vile vitano vilizidi kiasi gani. Sita tano. Sita tatu. Sita sita. Sita tano. Sita nne. Nilipofika cha tatu sauti yangu ilikuwa imepungua yenyewe.

"Kosa linalotoka kwa bahati mbaya halina kipimo," alisema. "Hili lina kipimo. Kila mara ni lilelile, linaingia au linatoka. Nikeli imekubali vipande vyote ishirini na vitatu, si ndiyo? Nikeli inajali ulivyofungua na kufunga geti. Haijali umekaa muda gani. Uzito ndio unaojali muda. Saa moja ya tangi lako inaleta gramu ngapi?"

"Sifuri pointi sita tano."

Mzee Sikazwe, aliyekuwa akinoa patasi kando, aliacha kunoa.

"Unapimaje muda, Fundi?"

"Kwa simu." Saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi, mvuke umekula mishale yake.

"Hukaa wapi hiyo simu?"

"Mezani. Ila wiki ile mvua ilivyovujisha bati la juu ya meza, niliihamishia pale dirishani."

Dirisha lile linatazama Nakonde. Simu yangu, kama ya kila mtu wa Tunduma mwenye wateja ng'ambo, ina laini mbili, ya huku na ya Zambia. Mwalimu aliichukua, akaiweka dirishani, akarudi kuketi. Ilikuwa inaonyesha saa nane na dakika tano. Mzee akavuta kigoda na yeye. Tuliketi watu wazima watatu tukitazama simu kama wanaosubiri mgonjwa azungumze. Baada ya muda ikatoa mlio mdogo. Mzee akainama.

"Inasema karibu Zambia," alisema. Kisha, "Saa saba na dakika kumi na mbili."

Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kila mtu Tunduma anajua hilo, watoto wa chekechea wanajua. Tunapanga harusi na misiba kwa saa mbili tofauti, tunaulizana "saa ya huku au ya kule," na hatukosei. Na kwa sababu hatukosei, mimi niliandika kwenye daftari majaribio saba yaliyoanza saa ya huku na kuisha saa ya kule, au kinyume chake, na kila mara nikaandika kwa mwandiko mzuri: saa mbili kamili. Vipande vitano vilikaa saa tatu ndani ya tangi. Viwili vilikaa saa moja. Mapumziko marefu hayakuwa na lolote. Ilitokea tu kwamba niliyajaribu wiki ile ya mvua.

"Ndiyo maana!" alisema Mzee, akapiga paja. "Siku ile nilikwambia njaa inaniuma, ukanionyesha simu ukasema bado saa sita. Tumbo langu lilikuwa linasoma vizuri kuliko wewe!"

"Nisamehe, Mzee."

"Nikusamehe njaa au karakana?"

Hakucheka alipomaliza kusema hivyo, na mimi pia sikucheka. Kwa saa moja na dakika ishirini, shafti zote arobaini zingepata theluthi mbili tu ya gamba. Zingetoka zinang'aa. Mama Yoramu angezipokea kwa furaha, na kutu ingefika katikati ya msimu, mashine zikiwa zimejaa kahawa.

Nilichofanya mara moja ni kutaka kurarua ule ukurasa wa namba ya nne. Mwalimu akanishika mkono.

"Usirarue. Piga mstari mmoja, andika kwa nini, weka tarehe. Ukiona umekosea wapi, hiyo nayo ni kazi uliyofanya."

Vile vipande viwili nilivyokuwa nimevifuta tukavirudisha. Tukaandika saa tatu palipokuwa saa mbili, na saa moja palipokuwa saa mbili, tukaondoa namba ya nne. Mlinganyo wenye namba tatu ukapita juu ya vipande vyote ishirini na vitatu, uzito na nikeli, bila kusukumwa. Nimeona vitu vizuri katika kazi hii, bampa zilizong'aa hadi mtu ananyolea ndevu, lakini kizuri kama mstari ule sijakiona. Zaidi ya uzuri, ulikuwa umenipinga mimi niliyeuandika, na ulikuwa sahihi. Tangi lilisema kweli muda wote. Malori yalihesabiwa sawasawa. Aliyelala getini nilikuwa mimi.

Jumatatu tulianza. Mwalimu alituazima saa ya michezo ya shule, ile ya kubonyeza, ambayo haina laini wala mpaka. Umeme ukawaka kwa elfu tano za sekunde na kuzimwa kwa elfu ishirini, kama mlinganyo ulivyochagua, kwa saa mbili kamili. Hesabu zangu hazikuondoa kila tatizo, na msiamini mtu atakayewaambia zinaondoa. Ncha za shafti bado zilivuta umeme mwingi kuliko katikati, na jedwali langu halikujua lolote kuhusu umbo la shafti. Hapo Mzee alitoa dawa yake ya miaka thelathini: akazungushia waya mtupu wa shaba karibu na kila ncha, ule waya ukala umeme wa ziada, ncha zikapona. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Hukuuliza. Ulikuwa unaongea na simu."

Shafti nne za kwanza zilipotoka, zilikuwa za kijivu tulivu, hazing'ai sana. Mzee alisikitika kidogo, maana alipenda vitu ving'ae. Akachukua moja, akaikwaruza kwa ukucha, akasukuma beringi. Iliingia kwa kusita kidogo mwishoni, kisha ikakaa. Akaitoa, akaisukuma tena, mara tatu. Alinipa ile shafti, akaenda kuosha nne nyingine. Kazi ya kuosha ilikuwa ya mwanafunzi, na mwanafunzi nilikuwa mimi. Siku hiyo aliifanya mwenyewe, na mimi akaniacha kwenye tangi.

Tulimaliza Ijumaa. Mama Yoramu alikuja na bajaji ileile, akazihesabu, akachagua moja ya chini kabisa kwenye sanduku, akaichungulia kuanzia ncha hadi ncha.

"Mbona hazing'ai kama zile za kwanza?"

"Zile ziling'aa," alisema Mzee. "Uliona zilikokufikisha."

"Haya, tutaona. Sitauza maneno kwa wanakikundi wangu. Kahawa itasema."

Miezi mitano tulisubiri kahawa iseme. Katika miezi hiyo watu wawili walikuja kuulizia karakana, wamesikia inauzwa. Mzee aliwapa chai na kuwaambia warudi baada ya msimu. Usiku sijui alilala vipi. Mchana aliendelea kuchovya rimu za pikipiki na kuimba.

Msimu ulipoisha tulikwenda Hasamba, Mzee, Mwalimu na mimi. Mama Yoramu alikuwa ameagiza mashine zote arobaini ziletwe uwanja wa kanisa na zifunguliwe mbele ya wanakikundi, ili asije mtu kusema alifichiwa. Shafti zilipangwa juu ya turubai moja baada ya nyingine. Alizipitia mwenyewe kwa kitambaa cheupe, anafuta, anatazama kitambaa, anasogea. Ya kwanza, safi. Ya kumi, safi. Ya kumi na saba ilikuwa na doa la kutu, la mviringo. Nililitambua kabla hajauliza. Lilikuwa na ukubwa wa kidole gumba changu: niliishika kwa mkono mtupu kabla ya kuichovya, baada ya kuoshwa, nikaiachia mafuta, mimi niliyefundishwa kuosha mara sita. Ya thelathini na moja iligongwa na jiwe kwenye mashine, gamba likavunjika. Nyingine zote kitambaa kilibaki cheupe.

Mama Yoramu alikunja kile kitambaa akamkabidhi Mzee Sikazwe. "Mzee, hizo mbili utanilipa."

"Nitalipa."

"Thelathini na nane sitadai. Karakana yako usiiuze, mwakani tuna mashine nyingine kumi na tano." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Na wewe mama, nasikia ndiye uliyekuwa unapiga hesabu. Hawa wawili wangetufikisha wapi?"

"Zambia," alisema Mzee kabla Mwalimu hajafungua mdomo.

Tulirudi Tunduma kwenye gari la mtu aliyekuwa akipeleka mahindi. Njiani Mzee alitaka kujua tumeokoa kiasi gani, ili awaambie wale waliokuja kuulizia karakana. Nikatoa daftari. Shafti moja mpya ya chuma kisichoshika kutu ilikuwa shilingi elfu themanini na tano. Thelathini na nane ambazo hakulazimika kununua zilifika milioni tatu, laki mbili na elfu thelathini. Nikatoa dawa na nikeli ya majaribio yote, umeme, waya wa shaba, nauli za Mkwajuni na soda za dalali: laki tatu na elfu themanini na sita.

"Sema milioni tatu," alisema Mzee. "Inatamkika vizuri."

Mwalimu alinitazama, nami nikamsomea Mzee kama ilivyoandikwa: shilingi milioni mbili, laki nane na elfu arobaini na nne.